Gari jipya linavuja mvua ikinyesha, na wakala anasema waranti haihusiki

Swali: Mtaalamu, habari ya kazi. Miezi 14 iliyopita nilinunua gari jipya kwa wakala mmoja hapa Dar es Salaam. Limetembea kilomita 19,000 tu, na waranti yake ni ya miaka 3 au kilomita 100,000. Tangu masika yaanze, kapeti ya mbele upande wa abiria inalowa chepechepe kila mvua kubwa inaponyesha. Nimelirudisha mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia wamerekebisha mpira wa mlango, mara ya pili wakasema wamepaka gundi kwenye kioo cha mbele, na mara zote mbili maji yamerudi. Sasa wanasema chanzo ni majani ya mwembe ninapoegesha, kwa hiyo si jukumu lao. Gari lina kioo cha kufunguka kwenye paa. Mume wangu anashauri twende kwa fundi wa mtaani apake silikoni yaishe. Nifanyeje? Msomaji wa Tabata.

Jibu: Dada yangu wa Tabata, nianze na silikoni, kwa sababu ndiyo inayoweza kukuharibia shauri lako kabla hujalifikisha popote. Msizibe. Mwambie shemeji avumilie kidogo, na kama ningekuwa na uwezo ningemzuia hata wakala asizibe tena chochote mpaka mmesimama pamoja, wewe na fundi wake, mkayaona maji yanapopita kwa macho yenu. Sina ugomvi na mafundi wa mtaani, kwani wapo Gerezani na Tandale watu ambao ningewakabidhi gari langu mwenyewe bila wasiwasi. Ugomvi wangu ni na silikoni. Ikishapakwa kwenye ukingo wa kioo huacha utando ambao gundi halisi ya kioo haishiki vizuri juu yake, huficha alama ambazo zingetuonyesha njia ya maji, na zaidi ya yote humpa wakala sentensi anayoihitaji, kwamba gari limeguswa na mtu wa nje.

Angalia jinsi walivyofanya wao. Mara ya kwanza mpira wa mlango, mara ya pili gundi ya kioo, na sasa mwembe. Fundi aliyeyaona maji yakiingia hahami sehemu tatu kwa safari mbili. Anayehama hivyo anabahatisha, na ninaamini hakuna hata siku moja waliyolimwagilia gari lako maji kwa utaratibu huku mtu mwingine akiwa amejikunja ndani na tochi. Jambo la kwanza la kuelewa kuhusu uvujaji ni kwamba maji hayaonekani pale yanapoingilia. Yanaweza kuingia karibu na paa, yakashuka ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, yakafuata mkungu wa nyaya chini ya dashibodi, kisha yakatua miguuni pa abiria mita moja na nusu kutoka mahali yalipoanzia. Hata mteremko wa mahali unapoegesha hubadilisha hadithi, ndiyo maana gari linaweza kuvuja likiwa limeelekeza pua bondeni nyumbani kwako na lisivuje hata tone kwenye sakafu tambarare ya gereji.

Jambo la pili ni kwamba gari halikutengenezwa kama chupa. Watu wengi hudhani mipira ya milango ndiyo inayozuia mvua yote, kumbe sehemu kubwa ya maji huachwa kwa makusudi yaingie katika mifereji ya bodi, kisha yakatolewa nje. Maji yanayoteremka kwenye kioo cha dirisha hupita pembeni ya mpira, huingia ndani ya mlango wenyewe na kutokea matundu madogo yaliyo chini ya ukingo wake. Kinachoyazuia yasiingie chumbani ni karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi laini nyuma ya urembo wa mlango, yaani kifuniko chake cha ndani. Maji ya kioo cha mbele hukusanywa katika mtaro ulio chini ya waipa, ule unaofunikwa na plastiki nyeusi yenye matundu, na kutolewa pembeni karibu na magurudumu. Kioo cha paa nacho hakizibi asilimia mia moja: kinazungukwa na mfereji, na kwenye pembe zake kuna mipira myembamba inayoshuka ndani ya nguzo na kumwaga maji chini ya gari. Kwa hiyo, mara nyingi gari jipya likivuja, tatizo ni njia ya kutokea iliyoziba, iliyochomoka au ambayo haikuunganishwa sawasawa kiwandani, wala si tundu jipya linalosubiri kupakwa kitu.

Kwa gari la usukani wa kulia kama letu, kapeti ya mbele kushoto ina washukiwa wanne, na mmoja wao hana uhusiano wowote na mvua. Huyo ni kiyoyozi. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam kiyoyozi hukamua maji mengi kutoka hewani, na maji hayo hutakiwa kutoka kwa bomba dogo linalotokeza chini ya gari, mara nyingi upande huohuo wa abiria. Bomba likiziba kwa vumbi au ukungu, maji yote hugeukia ndani. Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama: siku isiyo na mvua, egesha gari, washa kiyoyozi dakika ishirini, kisha chungulia chini. Ukikuta dimbwi dogo la maji safi chini ya gari, kiyoyozi hakina kosa. Usipoona hata tone katika joto hili, huku kapeti ikiwa na unyevu mpya, umepata jibu lako bila kumgusa mtu mwingine. Umeeleza kwamba maji huja na mvua kubwa, kwa hiyo sidhani kuwa ndicho, lakini kifanye kipimo hiki kabla hujarudi kwa wakala ili asikitumie kukupotezea siku nzima. Onja pia kwa kidole na pua, si kwa ulimi: maji yenye utelezi na harufu tamutamu ni ya kupozea injini, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Washukiwa watatu waliobaki ni mpira wa kutolea maji wa kioo cha paa upande wa mbele kushoto, mtaro wa waipa, na karatasi ya plastiki ya mlango. Kila mmoja ana tabia yake. Ikiwa ni mlango, utakuta urembo wa ndani wa mlango una michirizi au umevimba sehemu ya chini, na kizingiti kimelowa kabla ya kapeti ya katikati. Ikiwa ni mtaro wa waipa, maji hutokea juu, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na mara nyingi chujio la hewa ya chumbani hukutwa limelowa au lina madoa ya majani. Ikiwa ni kioo cha paa, pitisha kiganja kwenye kitambaa cha dari kuzunguka pembe na kwenye plastiki ya nguzo ya kioo cha mbele. Unyevu, doa la rangi ya chai au harufu ya uvundo hapo ni ushahidi mzito. Kwa maelezo yako, na kwa sababu gari lina kioo cha paa na linalala chini ya mwembe, ningeanza na mtaro wa waipa na kioo cha paa.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo unapaswa kudai lifanyike mbele yako. Gari likaushwe kwanza, kapeti ifunuliwe, na magazeti makavu au karatasi za chooni zitandazwe chini na kuchomekwa kwenye kona, kwa kuwa karatasi huonyesha tone la kwanza upesi kuliko jicho. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, milango ifungwe. Mwingine atumie mpira wa maji wa kawaida wa bustanini, bila presha, aanze chini na kupanda juu: kwanza sehemu ya chini ya mlango, kisha dirisha, kisha mtaro wa waipa, kisha pembeni mwa kioo cha mbele, na paa mwisho kabisa. Kila sehemu ipewe dakika tano au zaidi kabla ya kupanda. Ukianza na paa, maji hushuka na kulowesha kila kitu, na likitokea tone ndani hutajua limetoka wapi. Nimeona gereji zenye vifaa vya mamilioni zikikosea hapa. Kioo cha paa kina jaribio lake la pekee: kifunguliwe, na nusu lita ya maji imiminwe polepole kwenye pembe ya mfereji wake. Maji yanapaswa kutoka chini ya gari karibu na gurudumu la mbele katika muda mfupi. Yakisimama mferejini, mpira umeziba. Yakipotea yasionekane chini, mpira umechomoka ndani ya nguzo, na hilo haliwezi kusingiziwa mwembe. Kama wataamua kuuzibua, wasitumie upepo wa kompresa kwa nguvu, kwa kuwa unaweza kuuchomoa mpira mahali usipoonekana na kukuletea uvujaji mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Mshipi mnene wa nailoni, kama wa kuvulia samaki, hufanya kazi hiyo kwa usalama zaidi.

Kuhusu hoja ya mwembe, sitakudanganya ili kukufurahisha. Ina ukweli ndani yake. Maua ya mwembe, majani ya mwarobaini na vumbi la Tabata vikichanganyika na mvua ya kwanza ya masika hufanya tope linaloweza kuziba mfereji wowote, na vitabu vya waranti kwa kawaida hutenga uchafu wa miti na usafi wa kawaida kama jukumu la mwenye gari. Lakini hoja ni hoja tu mpaka ithibitishwe. Waambie wafungue ile plastiki ya chini ya waipa na mfereji wa paa, wakuonyeshe huo uchafu, na mpige picha. Ukiwepo kweli, lipia usafishaji bila kubishana, maana ni kazi ndogo, halafu jaribio la maji lirudiwe palepale. Gari likiacha kuvuja, mmemaliza, na kuanzia hapo utasafisha mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika ya Machi hadi Mei na kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Likiendelea kuvuja mifereji ikiwa safi, mwembe umeondoka kwenye shauri na waranti imerudi. Fungua pia kitabu cha matengenezo. Ikiwa ukaguzi wa mifereji hiyo umeandikwa miongoni mwa kazi za sevisi, na sevisi zako zote wamezifanya wao kwa fedha yako, waulize kwa upole kwa nini hawakuisafisha.

Wanaweza pia kusema ni presha ya mashine za vituo vya kuosha magari. Ni kweli kwamba mashine ikisogezwa karibu sana husukuma maji kupita mpira mzima usio na kasoro. Ndiyo sababu nimesisitiza mpira wa bustanini: mvua haina presha ya mashine, na gari linalovuja kwa maji ya kumiminika tu halina cha kujitetea.

Kabla ya kwenda, wewe nawe ujikague kwa uaminifu. Je, kuna mtu aliyefungua urembo wa mlango ili kuweka spika, alamu au tinti? Je, kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa? Je, fundi wa kifaa cha kufuatilia gari alipitisha waya kwenye ukuta wa injini na kuacha tundu bila mpira wake? Hapa Dar tuna desturi ya kupiga ribiti taa na vioo vya pembeni kwa kuwaogopa wezi, na kila ribiti ni tundu. Niliwahi kuhangaika siku mbili na gari lililojaa maji kwenye shimo la tairi la akiba, nikafungua buti lote, na mwisho nikakuta ribiti mbili zilizopigwa pembeni mwa taa ya nyuma, zimepasua mpira wake. Kama kazi ya namna hiyo ilifanyika karibu na sehemu inayovuja, wakala ana haki ya kukataa sehemu hiyo. Kama ilifanyika buti nawe unavuja mbele, hana haki ya kuitumia kukataa gari zima. Na kama gari liliwahi kupita kwenye maji yaliyofika mlangoni, kama yale ya Jangwani Msimbazi unapofurika, hilo ni suala la bima kubwa na si la waranti. Usiyachanganye, kwa kuwa mistari ya tope chini ya viti humwonyesha fundi ukweli wote.

Nakuja kwenye karatasi, ambako wateja wengi hupoteza haki yao wakiwa wameishika mkononi. Safari zako mbili za kwanza, je, una kadi ya kazi ya kila moja, ile karatasi unayosaini unapolikabidhi gari? Kama huna, omba nakala sasa hivi. Safari ya tatu peleka barua fupi, ukae na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ndani yake eleza dalili, usieleze chanzo. Andika: «Kapeti ya mbele kushoto hulowa baada ya mvua kubwa gari likiwa limeegeshwa,» kisha taja tarehe, kilomita, na safari mbili zilizopita pamoja na walichofanya. Usiandike kwamba kioo cha paa kinavuja, kwa kuwa watakijaribu hicho peke yake, watakikuta kizima na kufunga faili. Omba kwa maandishi mambo matatu: jaribio la maji mbele yako, chanzo kitajwe kwenye kadi ya kazi, na kama wanakataa, sababu ya kukataa iandikwe pamoja na kifungu cha waranti wanachokitegemea. Ombi hili la mwisho hubadilisha mazungumzo kuliko kelele yoyote ya mapokezi, kwa sababu ni rahisi kusema «mwembe» kwa mdomo na si rahisi kuusaini.

Fanya haya bila kuchelewa, hata kama tarehe ya miaka 3 iko mbali. Baadhi ya vitabu vya waranti huweka marekebisho ya mipira, milango na uvujaji wa maji katika muda mfupi kuliko ule wa injini na giaboksi, pengine miezi 12 tu, kwa hiyo soma maandishi madogo ya kitabu chako leo. Ukikuta hivyo usikate tamaa: lalamiko lako la kwanza kama lilitolewa ndani ya muda huo na halikutatuliwa, bado ni lalamiko lilelile, na ndiyo faida ya kuwa na kadi ya kazi yenye tarehe.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau ni ukaushaji. Chini ya kapeti kuna sponji nene ambalo hunywa maji lita kadhaa, na juu yake kapeti inaweza kuonekana kavu kabisa huku chini pananuka. Kwa unyevu wa pwani halikauki lenyewe. Chini ya viti na kapeti hupita nyaya, na katika magari mengi ya sasa hukaa hata visanduku vya kompyuta za gari; soketi zikishaota kutu ya kijani, ndipo huanza taa za dashibodi zinazowaka zenyewe, madirisha yanayogoma, na taa ya mifuko ya hewa isiyozimika. Kwa hiyo matengenezo yasihesabiwe kuwa yamekwisha pale uvujaji unapozibwa. Dai viti vya mbele vitolewe, kapeti inyanyuliwe, sponji likaushwe au libadilishwe kama limeota ukungu, soketi zikaguliwe, na yote hayo yaandikwe. Gari likikaa gereji siku mbili au tatu kwa ajili hiyo, ni muda wa haki, na anayekurudishia jioni ileile akiwa amepulizia manukato hajakausha kitu.

Wakala akiendelea kukataa baada ya barua na jaribio, mwandikie pia mtengenezaji au ofisi yake ya kanda, ambayo anwani yake huwa ndani ya kitabu cha waranti, na uambatishe nakala zote. Mara nyingi anayegharamia kazi ya waranti ni mtengenezaji, na wakala anayeogopa kutolipwa huwa mgumu mpaka apate idhini kutoka juu. Zaidi ya hapo iko sheria. Waranti ni ahadi ya ziada. Haifuti haki ulizonazo kama mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka anayeuza bidhaa katika biashara yake auze kitu chenye ubora wa kuuzika na kinachofaa kwa kazi yake, na ni vigumu kumwona mtu akishawishi kwamba gari jipya linaloingiza mvua linafaa kwa kazi yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo humlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, ambayo watu wengi huijua kwa kukamata bidhaa bandia, hupokea malalamiko ya walaji. Nenda na faili lenye barua, kadi za kazi, picha na video zenye tarehe. Barua ya wakili iwe baada ya hapo, maana gharama yake inaweza kuzidi ile ya kubadilisha mpira wa paa.

Kwa leo usiku, kwa kuwa mvua haisubiri miadi: ondoa kapeti ndogo za juu, chomeka matambara makavu miguuni pa abiria na uyakamue asubuhi, na uegeshe gari pua ikielekea mlimani, mbali na mwembe, ukiandika kwenye simu yako ni upande upi liliinama na kama lililowa. Ukiweza, lifunike nusu ya mbele kwa turubai usiku mmoja, kuanzia boneti mpaka juu ya kioo cha mbele tu, na usiku mwingine wa mvua ufunike paa peke yake. Ukilikuta kavu usiku mmoja na limelowa usiku mwingine, utamfikia yule fundi wa wakala ukiwa na habari ambayo yeye, kwa safari mbili, hajaitafuta.